Neno "blokbasta" mnalitafsirije? Ni muvi kubwa au muvi iliyouza?

mfasiri_chipukizi

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimekwama pabaya. Nimepewa kazi ya kuweka maandishi ya Kiswahili kwenye filamu ya makala inayohusu historia ya sinema za Marekani, saa moja na nusu hivi, na humo ndani hilo neno blokbasta linatajwa kila baada ya dakika chache. Mwanzoni niliona rahisi tu, nikaandika "filamu kubwa" kila mahali nikasonga mbele. Mhariri kanirudishia kazi yote, na pembeni kaandika swali moja: kubwa kwa nini, kwa urefu, kwa gharama, au kwa watu?

Basi nikakaa nikasikiliza upya mwanzo mpaka mwisho, nikagundua hata wanaoongea humo ndani hawalitumii kwa maana moja. Mwanzoni msimulizi anaizungumzia Jaws ya 1975, anaiita blokbasta ya kwanza ya kiangazi, hapo inaeleweka ni muvi iliyouza sana. Dakika ya hamsini na kitu kuna mama mmoja mtayarishaji anasema wao walitengeneza blokbasta na hakuna aliyekuja kuiangalia. Sasa kama hakuna aliyekuja, ni blokbasta ya nini? Halafu karibu na mwisho kuna mzee anasema blokbasta ni bomu, anakunja ngumi halafu anaifungua vidole vyote kwa mpigo mmoja, na kamera imemkazia hiyo mikono kwa hiyo siwezi kuandika kitu kisichoendana na ile mikono.

Nafasi niliyonayo ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili kwenye skrini, maelezo marefu hayaingii. Siku ya tatu leo nazunguka na neno moja. Ni neno la ukubwa au neno la mafanikio? Na Kiswahili chake ni kipi, maana "filamu maarufu" naona haitoshi kabisa.

dogo_trela

Mkuu usijitese, andika tu blokbasta. Watu wanaoangalia muvi wote wanalijua hilo neno, ukianza kutafuta Kiswahili kigumu ndo unawapoteza. Halafu si lilikuwa jina la ile kampuni ya kukodisha kanda za video? Mi nadhani neno limetokea huko.

mzee_wa_mikanda

Hapana dogo, kampuni ndiyo iliyochukua jina kwenye neno. Blockbuster ya kukodisha kanda ilianza 1985 huko Dallas, Texas, ikafilisika 2010, na wakati inaanzishwa neno lenyewe lilishakuwa na zaidi ya miaka arobaini.

Mfasiri, huyo mzee wako wa kwenye filamu yuko sahihi na mikono yake iko sahihi pia. Ni bomu kweli. Kwenye Vita Kuu ya Pili Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na mabomu makubwa mno, la kwanza lilikuwa na uzito wa ratili 4,000, yaani kama kilo 1,800, na baadaye yakatengenezwa ya ratili 8,000 mpaka 12,000. Ganda lake lilikuwa jembamba, karibu bomu zima ni baruti tupu, manake kazi yake haikuwa kutoboa, kazi yake ilikuwa mlipuko wenyewe, lipeperushe mapaa na kuvunja madirisha ya nyumba zote za mtaa ili yale mabomu madogo ya moto yanayofuata nyuma yapate pa kuingilia. Magazeti ndiyo yakayapa hilo jina kwa sababu moja lilitosha kusambaratisha kitalu kizima cha majengo.

Sasa angalia lilivyoingia kwenye sinema. Mwaka 1943, vita bado inaendelea, studio ya RKO ilikuwa na filamu ya marubani wa mabomu inaitwa Bombardier, na kwenye tangazo lake kwa wenye kumbi wakaiita blokbasta ya filamu zote za aina yake. Kwa filamu ya mabomu ilikuwa inaingia vizuri tu. Ila zingatia kwamba lilikuwa TANGAZO. Anayesema ni muuzaji, anamwambia mwenye ukumbi hii nichukulie itakulipa. Kwa hiyo utata unaokusumbua siyo wa leo, umo ndani ya neno tangu siku ya kwanza: lilianza kama ahadi, halafu baada ya vita watu wa biashara wakawa wanalitumia kwa filamu ambazo zimeshauza, halafu sasa limerudi tena kuwa ahadi.

Na kuna maelezo mengine utayakuta yamezagaa kwamba eti linatokana na foleni ya watu kuzunguka mtaa mzima mpaka wanaziba njia. Picha nzuri ila siyo kweli, hiyo imetungwa baadaye kulitafutia neno maelezo. Usiiweke.

tiketi_dirishani

Nashukuru mzee wa mikanda kwa hilo la foleni, nilikuwa naliamini miaka yote.

Kaka mfasiri, mimi nimefanya kazi ya kukata tiketi ukumbi wa sinema miaka sita, nikwambie jinsi sisi tulivyokuwa tunajua ipi ni blokbasta na ipi ni kelele tu. Siku ya kwanza haikwambii kitu. Siku ya kwanza watu wanakuja kwa sababu ya trela na mabango, pesa ya matangazo ndiyo inawaleta, wala siyo muvi. Wewe subiri Ijumaa ya pili. Mimi nilikuwa nakaa dirishani naangalia sura. Kuna baba mmoja alikuja peke yake Ijumaa, jioni anatoka haongei na mtu, amesahau hata koti lake kwenye kiti ikabidi nimkimbilie nalo. Jumapili akarudi, safari hii na mama yake mzee na watoto watatu, akaniambia nikate viti vya katikati, yule mdogo lazima aone vizuri. Nikajua. Sikuhitaji kusoma gazeti. Ile muvi ilikaa kwetu wiki kumi na moja, na kila usiku nikihesabu vishina naona namba haianguki, inashuka kidogo kidogo tu kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Na nimeona kinyume chake pia, Ijumaa ukumbi umefurika watu wanagombania viti, Ijumaa inayofuata nusu yao hawapo, wiki ya tatu tunafungulia milango watu kumi na wawili.

Wamarekani kwenye biashara hiyo wana msemo, wanasema muvi "ina miguu", yaani inaendelea kutembea yenyewe bila kusukumwa. Mfano ambao kila mtu anaujua ni Titanic ya 1997, wikiendi ya kwanza iliingiza dola milioni 28 na ushee, siyo maajabu sana, ila ikakaa namba moja wiki 15 mfululizo na ikamaliza na dola milioni 600 huko Amerika Kaskazini peke yake. Hiyo ndiyo naiita blokbasta kwa moyo mweupe.

Na Jaws yenyewe tusiisahau maana ndiyo iliyobadilisha mchezo. Kabla yake filamu kubwa zilikuwa zinaanza kwenye miji mikubwa michache, halafu zinatambaa taratibu kwenda miji midogo, inaweza kuchukua miezi. Jaws ilipigwa tarehe 20 Juni 1975 kwenye kumbi 409 kwa siku moja, na kabla ya hapo matangazo yake yalirushwa kwenye televisheni usiku kwa usiku, kama dola 700,000 zilikwenda huko tu. Na kiangazi kilikuwa kinahesabiwa ni msimu mbovu, eti watu wako ufukweni! Muvi ya papa ikawakuta huko huko ufukweni. Wakati inatengenezwa kila mtu alikuwa anaona imeshaharibika, ilipangwa siku 55 za kupiga picha zikafika 159, papa wa mashine alikuwa anagoma kila akiingia maji ya chumvi, gharama zikapanda mpaka kama dola milioni 9. Kwa hiyo walioitengeneza hawakuwa wanasema tunatengeneza blokbasta. Walikuwa wanaomba Mungu waimalize.

Miaka miwili baadaye Star Wars ilianza na kumbi 32 tu, tarehe 25 Mei 1977. Thelathini na mbili! Watu wakawa wanatoka wanarudi mwisho wa foleni kuiona tena, ndipo ikasambaa, na mwaka haujaisha ikawa imeipita Jaws. Moja ilisukumwa na matangazo, nyingine ikavutwa na watu, jina likawa moja.

hesabu_kwanza

Dada umeongea vizuri mno kuhusu Ijumaa ya pili. Mimi naongezea upande wa pesa maana mfasiri akiandika "filamu iliyoingiza faida kubwa" atakuwa amekosea tena, na naona wengi wanateleza hapo.

Namba unayoisikia kwenye habari ni pesa ya tiketi. Siyo pesa ya studio. Kwa makadirio ya jumla ukumbi unabaki na kama nusu, na ile bajeti inayotangazwa haina gharama za matangazo ndani yake, kwa hiyo watu wa biashara huwa wanasema muvi inatakiwa iingize mara mbili ya bajeti, hata mara mbili na nusu, ndo ianze kupumua. Cleopatra ya 1963 ndiyo somo lenyewe. Mwaka ule ndiyo iliyoongoza kwa mapato Marekani, watu walijaa, lakini ilikuwa imekula kama dola milioni 44, kwa pesa ya wakati ule, na studio ya 20th Century Fox ilikaribia kuzama. Ilibidi wasubiri hadi haki za televisheni zilipouzwa mwaka 1966 ndipo hesabu zikakaa sawa. Je, ilikuwa blokbasta? Kwa watu ndiyo. Kwa mhasibu ilikuwa maumivu.

Na kuna ile kesi ya Coming to America ya 1988. Iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani, ila mwandishi Art Buchwald alipoishtaki studio ya Paramount akidai wazo lilikuwa lake, hesabu za studio zikaonyesha kwamba filamu haina faida halisi hata senti. Mahakama huko California mwaka 1990 ikampa ushindi Buchwald, na jaji akasema ule mkataba wa namna ya kuhesabu faida haukuwa wa haki. Kwa hiyo neno "faida" likae mbali kabisa na tafsiri yako. Blokbasta ni habari ya watu waliokata tiketi, faida ni habari ya wanasheria.

Upande wa pili kuna muvi kama My Big Fat Greek Wedding ya 2002, bajeti dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani na Marekani haikuwahi kushika namba moja hata wiki moja. Hakuna aliyeiita blokbasta kabla haijatoka na hata baada ya hapo wengi wanaona aibu kuiita hivyo kwa sababu haina milipuko wala magari yanayopinduka. Hapo ndipo unaona neno limeharibiwa, limekuwa jina la AINA ya muvi, siyo la kilichotokea dirishani kwa dada.

Kitu kimoja zaidi. Watu wa dawa nao walilichukua hili neno, na wao wakalipa kipimo: dawa inayouza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka ndiyo blokbasta, chini ya hapo siyo. Sinema ndiyo iliyolikuza neno na haijawahi kulipa mstari wa namna hiyo.

dogo_trela

Sawa nimeelewa, ila bado kwa kizazi chetu blokbasta ni ile muvi ya bajeti kubwa, mashujaa, milipuko, hata kama haijatoka. Tunasema "kiangazi hiki blokbasta ni tatu" na zote hazijatoka. Hiyo maana ipo mtaani huwezi kuifuta.

mwl_misemo

Dogo uko sahihi kwamba ipo, na ndiyo maana mfasiri asiandike neno moja mahali pote. Lakini naomba nikae kidogo kwenye lugha yetu, kwa sababu mnaongea kana kwamba Kiswahili hakina kitu hapa na tunacho tele.

Sisi jambo hili tunalisema kwa kitenzi. Muvi imetamba. Imefunika. Imebamba. Imetikisa. Ikishindwa: imebuma, imedoda. Sasa iangalieni hiyo -me-. Huwezi kusema "imetamba" kabla haijatoka, ulimi wenyewe unakataa. Ukitaka kuongelea kesho inabidi useme itatamba, na hapo msikilizaji anajua unabashiri. Neno la Kiingereza ni jina, na jina unaweza kumbandika mtoto kabla hajazaliwa, ndiyo maana muuzaji wa mwaka 1943 aliweza kulitumia kwenye tangazo na ndiyo maana yule mama mtayarishaji anaweza kusema walitengeneza blokbasta na hakuna aliyekuja. Kwa Kiswahili sentensi yake haisimami, na mfasiri hukukosea kuumwa kichwa, sikio lako lilikuwa linafanya kazi yake.

Kwenye muziki tuna "kibao", wimbo uliotamba, na hata hapo kibao huwa kinaitwa kikali baada ya watu kukicheza. Chagueni pia kati ya kuvuma na kutamba, siyo kitu kimoja. Kuvuma ni sauti, upepo unavuma, ngoma inavuma, na wahenga walishasema ngoma ivumayo haidumu. Trela ikisambaa kila kona muvi imevuma. Kutamba ni kutembea kwa madaha mbele za watu, unatamba ukiwa umeshashinda. Dada wa tiketi alipotuambia kuhusu Ijumaa ya kwanza na Ijumaa ya pili, alikuwa anatueleza tofauti ya kuvuma na kutamba bila kuyataja hayo maneno.

Na "kudoda" msilisahau, ni neno la sokoni, bidhaa iliyokaa haina mnunuzi. Linauma sawasawa kwa muvi.

mzee_wa_mikanda

Mwalimu hapo kwenye kitenzi umenifungua macho kwa kweli, sijawahi kuliwaza hivyo.

Niongeze la bomu kwa sababu litamsumbua mfasiri. Kwa Wamarekani muvi ikiitwa bomu tupu maana yake imeanguka vibaya, ila kwa Waingereza kitu kikienda kama bomu maana yake kimefana. Na blokbasta nalo ni bomu na maana yake ni ushindi. Kwa hiyo mahali popote humo ndani wakitaja bomu angalia anayeongea katoka wapi kabla hujaandika. Na kama kuna kipande kinachozungumzia nyumba za Chicago miaka ya 1950 na 1960 ukasikia neno linalofanana, hicho ni kitu kingine kabisa, ni ule mchezo wa madalali kuwatisha wazungu wauze nyumba kwa bei ya kutupa kwa kuwaambia weusi wanahamia mtaani, halafu wanawauzia weusi kwa bei ya kuwaumiza. Sheria ya makazi ya 1968 iliupiga marufuku. Usije ukaandika filamu iliyotamba hapo.

mfasiri_chipukizi

Hicho kipande cha nyumba hakipo, nimeangalia tena. Ila kuna mahali wanaonyesha gazeti la Variety, lile la watu wa burudani lililoanza New York 1905, na mtangazaji anasoma neno "boffo" kwenye kichwa cha habari, nalo nilikuwa nimeliandika "kubwa sana". Mnalisemaje?

tiketi_dirishani

Boffo ni neno lao la gazetini, wana mengine ya hivyo hivyo, socko, whammo, yote yana sauti ya kishindo, yote yanasema muvi au onyesho limeuza vibaya sana kwa maana nzuri. Mimi ningeandika "imefunika". Fupi na ina kishindo.

mwl_misemo

Nakazia, "imefunika". Na kwa yule mama mtayarishaji usitumie jina, tumia vitenzi viwili, kimoja cha nia na kimoja cha kilichotokea, uvunjike katikati kama sauti yake inavyovunjika.

mfasiri_chipukizi

Wakuu nimekaa na hii kazi mpaka usiku, nimefikia hapa.

Msimulizi kwenye Jaws: "Filamu ya kwanza ya kiangazi iliyotamba." Ni herufi 40, inaingia.

Mama mtayarishaji: "Tuliitengeneza itambe. Ikadoda." Nimejaribu kuiangalia na picha yake, anasema sehemu ya kwanza anatazama juu halafu ananyamaza, "ikadoda" inatokea wakati ameshusha macho. Sikuipanga hivyo, imejipanga yenyewe.

Mzee wa bomu: "Blokbasta ni bomu. Linafyeka mtaa mzima." Herufi 40. Hapa nimeliacha neno lenyewe kama dogo alivyosema, kwa sababu ndilo analolieleza, na "linafyeka" inaanguka pale pale vidole vinapofunguka. Zile sehemu nyingine ambazo wanaongelea aina ya muvi za bajeti kubwa nimeandika "filamu za mabilioni" kwenye sehemu mbili, na moja nimeacha blokbasta vile vile. Boffo imekuwa "imefunika".

Nimetuma.

hesabu_kwanza

Hiyo "filamu za mabilioni" nina wasiwasi nayo kidogo, bajeti nyingi ni za mamia ya milioni, bilioni ni mapato. Mtu anaweza kudhani unaongelea walichoingiza.

mfasiri_chipukizi

Kweli kabisa, asante sana. Nimebadilisha, "filamu za gharama kubwa", nimemwandikia mhariri usiku huu huu.

dogo_trela

Vipi mkuu, kasemaje?

mfasiri_chipukizi

Karudisha asubuhi hii. Kagusa koma mbili na kunirekebishia jina la mji mmoja. Mstari wa yule mama hajaugusa.